Namna ya kuikagua kauli ya serikali ya Marekani kuhusu ajira na bima ya lazima

Mimi ni mtunza hesabu hapa Columbus, Ohio. Nafunga vitabu vya biashara ndogo na kujaza fomu za kodi. Wateja wangu wengi ni watu wetu wa Afrika Mashariki: wenye kampuni za usafi, za kuhudumia wazee majumbani, za malori. Kisiasa ni mhafidhina, wala sijifichi. Anayechukua fedha yako kwa nguvu ya sheria ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha kwamba ilifanya kazi aliyoahidi. Si wewe uthibitishe kwamba haikufanya.

Kila msimu wa kodi vijana huniuliza, "Mama, serikali inasema imeleta ajira kadhaa, ni kweli?" Au, "Wanasema bima imeshuka bei, mbona yangu imepanda?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Kwanza, uliza kimehesabiwa nini

Usianze na ukubwa wa namba. Anza na kitu kilichohesabiwa. Februari 17, 2009 Rais Obama alitia saini mpango wa kuchangamsha uchumi, uliokadiriwa wakati huo kugharimu dola bilioni 787. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo tovuti ya serikali ya Recovery.gov ikatangaza ajira 640,329 zilizoundwa au kuokolewa. Namba iliyonyooka hivyo mpaka mtu wa mwisho hunitia shaka papo hapo. Ajira iliyoundwa utaiona kwenye orodha ya mishahara. Iliyookolewa haina risiti. Ili kuihesabu, lazima ujue kwamba yule mwalimu au fundi angefukuzwa kama fedha isingekuja, na anayejaza jibu hilo ni mpokeaji wa fedha mwenyewe, ambaye ana kila sababu ya kumfurahisha aliyempa.

Mwezi uliofuata waandishi wa habari waliipekua ile tovuti wakakuta ajira 30 zimeandikwa katika jimbo la 15 la uchaguzi la Arizona. Wakati huo Arizona ilikuwa na majimbo 8. Ni makosa ya uandishi, wasimamizi wa tovuti walijitetea, na huenda mengi yalikuwa hivyo kweli. Ila mteja akiniletea vitabu vyenye duka ambalo halipo, mimi siendelei kujumlisha. Desemba ile ile Ikulu iliachana na hesabu hiyo, ikawataka wapokeaji waandike ajira zinazolipwa kwa fedha za mpango, basi. Ni safi zaidi kuikagua, lakini maana imebadilika: mtu aliyekuwa kazini tayari, na ambaye angebaki kazini hata hivyo, sasa anaingia kwenye hesabu bila kuulizwa.

Kwenye bima ni vivyo hivyo. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kwamba watu milioni 7.3 wana bima kupitia masoko mapya ya bima yaliyoanzishwa na sheria ya afya ya Obama. Novemba wachunguzi wa kamati ya Bunge wakagundua kwamba karibu 400,000 kati ya hizo zilikuwa bima za meno. Mtu mwenye bima ya matibabu na ya meno alihesabiwa mara mbili. Kwa hiyo ukisikia "waliojiunga", uliza: waliochagua mpango, au waliolipa ada ya mwezi wa kwanza? Wenye bima ya soko, au wameunganishwa na Medicaid, ambayo ni ya kulipiwa na serikali? Hayo ni mafungu tofauti, na wasemaji hupenda kuyachanganya.

Halafu uliza: ukilinganisha na nini?

Hapa ndipo penye ulaji, na hapa nitakaa.

Januari 2009, kabla Obama hajaapishwa, wachumi wake Christina Romer na Jared Bernstein walitoa ripoti yenye mchoro. Ulionyesha kwamba mpango ukipita, ukosefu wa ajira utafika kama asilimia 8 kisha uanze kushuka. Usipopita, utafika kama asilimia 9. Mpango ukapita. Oktoba 2009 ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10, yaani juu ya mstari wa maafa waliotutishia nao.

Utetezi wao una uzito, na usijifanye huujui, maana utaumbuliwa. Walisema hali ilikuwa mbaya kuliko walivyodhani wakati wanachora. Ni kweli: takwimu za awali zilionyesha uchumi ulisinyaa kwa asilimia 3.8 kwa kiwango cha mwaka katika robo ya mwisho ya 2008, na marekebisho ya baadaye yakaonyesha ulisinyaa zaidi ya mara mbili ya hapo.

Sawa. Sasa swali la mtunza hesabu: baada ya hapo, zile mamilioni ya ajira walizosema mpango umeleta walizipataje? Sehemu kubwa ya makadirio ya Ikulu, na hata ya Ofisi ya Bajeti ya Bunge, yaani CBO, yalitoka kwenye mifumo ya hesabu inayosema kila dola ikitumika huzaa kiasi fulani cha shughuli za uchumi. Chukua dola zilizotumika, zidisha, pata ajira. Ukiingiza matumizi makubwa, ajira nyingi zitatoka upande wa pili hata kama mtaani hakuna kilichotokea. Huo si ushahidi kwamba mpango ulishindwa. Ni ushahidi kwamba hawakwenda kuangalia. Waliurudia utabiri wao wakauita matokeo. Kwa hiyo kauli ikisema sera fulani "imeleta" ajira, tafuta kama mtu alihesabu kitu baada ya tukio au alizidisha tu. Mara nyingi jibu liko kwenye kiambatisho, kwa maandishi madogo.

Fungua jedwali mwenyewe

Ofisi ya Takwimu za Kazi, BLS, hutoa ripoti ya ajira kila mwezi, kwa kawaida Ijumaa ya kwanza, saa mbili na nusu asubuhi (8:30 a.m.) kwa saa za Washington. Ni bure. Ndani yake kuna tafiti mbili: moja ya kaya zipatazo 60,000, inayotoa asilimia ya wasio na kazi, na nyingine ya waajiri, inayotoa idadi ya ajira. Wakati mwingine hazikubaliani, na mwanasiasa huchukua inayompendeza.

Mfano ninaoupenda ni wa Mei 2010. Kichwa cha habari kilikuwa ajira mpya 431,000. Ukishuka mistari michache unakuta 411,000 kati yake ni vibarua wa sensa, ambao wangerudi nyumbani baada ya miezi michache. Sekta binafsi ilikuwa imeongeza 41,000 tu. Hakuna aliyedanganya, namba zote zilikuwa kwenye ukurasa ule ule.

Jedwali A-15 lina kipimo kiitwacho U-6, kinachowajumlisha wasio na kazi pamoja na walioacha kuitafuta ingawa wanaitaka na wanaofanya kazi za muda kwa kukosa za kutwa. Wakati kipimo cha kawaida kikiwa asilimia 10, hiki kilikuwa zaidi ya 17. Angalia pia asilimia ya watu wazima walio kazini au wanaotafuta kazi: ilikuwa 66 mwishoni mwa 2007, ikashuka hadi 62.4 Septemba 2015. Sehemu ya mteremko huo ni wazee kustaafu, usiwarushie Wademokrati wote.

Na subiri marekebisho. Agosti 2024, chini ya Biden, BLS ilitoa makadirio ya awali kwamba ajira za mwaka ulioishia Machi zilikuwa zimezidishwa kwa 818,000. Wenzangu wahafidhina walishangilia, wakasema serikali imekamatwa ikipika namba. Agosti 2025 ikaja zamu ya Trump: ajira za Mei na Juni zikapunguzwa kwa 258,000, naye siku hiyo hiyo akamfukuza kamishna wa BLS. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Marekebisho hutokea kwa sababu waajiri wengine huchelewa kujibu, na kwa sababu baadaye kumbukumbu za kodi za bima ya wasio na kazi hulinganishwa na makadirio. Ukiona yamekwenda upande usioupenda, hujapata ushahidi wa njama.

Bima ya lazima: chora nani analipa

Sheria ya bima ya afya ya Obama, iliyotiwa saini Machi 23, 2010, ina lazima mbili, na watu huzichanganya. Moja ni ya mwajiri: awape wafanyakazi bima au alipe faini. Nyingine ilikuwa ya mtu binafsi: awe na bima au alipe faini.

Ya mwajiri inamhusu mwenye wafanyakazi 50 au zaidi wa kutwa, na "kutwa" ni saa 30 kwa wiki. Saa za vibarua hujumlishwa ili kujua kama umefika 50, lakini faini hupigwa kwa wa kutwa peke yao, ukiondoa 30 wa kwanza. Kwa kiwango cha awali cha dola 2,000, mwenye wafanyakazi 49 wa kutwa asiyewapa bima akiajiri wa 50, faini ni dola 40,000 kwa mwaka (50 toa 30, mara 2,000), ikiwa angalau mfanyakazi mmoja amepata ruzuku ya bima sokoni. Mfanyakazi mmoja huyo! Mteja wangu mwenye kampuni ya usafi nilimfanyia hesabu hii kwenye karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni, na hakuajiri. Ajira ile haimo kwenye jedwali lolote, kwa sababu haikuzaliwa. Februari 2010 Nancy Pelosi, Spika wa Bunge wakati huo, alisema sheria hii italeta ajira milioni 4, zikiwemo 400,000 karibu mara moja. Ukisikia kauli kama hiyo, chukua karatasi ufanye hesabu ya huyo mwenye 49. Na kumbuka Julai 2013 Wizara ya Fedha iliahirisha lazima hii kutoka 2014 hadi 2015. Kama haikuwa mzigo kwa ajira, kwa nini isogezwe hadi baada ya uchaguzi wa Bunge?

Lakini ukitoka kwa mteja mmoja kwenda nchi nzima, angalia tena jedwali. Wahafidhina wengi walisema sheria itaifanya Marekani kuwa nchi ya vibarua. Idadi ya wanaofanya kazi za muda kwa kukosa za kutwa ilipungua sana kati ya 2010 na 2016. Kwa hiyo mimi nasema mzigo uko kwa wale walio karibu na mstari wa 50, nasimama hapo.

Tukosane na wenzetu pia kuhusu ripoti ya CBO ya Februari 2014. Ilisema saa za kazi zitapungua sawa na wafanyakazi milioni 2.5 wa kutwa ifikapo 2024. Warepublikan wakapiga kelele: ajira milioni 2.5 zitauawa! Ripoti ilisema upungufu utatokana zaidi na watu kuchagua kufanya kazi kidogo, kwa kuwa ruzuku hupungua kipato kikipanda. Hoja ya kihafidhina imo humo humo na ni nzuri zaidi: serikali inamwadhibu anayeongeza saa za kazi. Wangesoma kurasa mbili tu wangekuwa na silaha bora.

Lazima ya mtu binafsi ilianza 2014. Ni wazo lililopendekezwa na Heritage Foundation, taasisi ya wahafidhina, mwaka 1989, na Mitt Romney, gavana Mrepublikan, akalitia saini Massachusetts mwaka 2006, kwa hiyo mzazi wake usimtafute upande mmoja tu. Mwaka 2009 Obama alimwambia kata kata mtangazaji George Stephanopoulos kwamba faini hiyo si kodi. Juni 28, 2012 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 kwa 4, ikaihalalisha kwa hoja kwamba ni kodi. Kwa mwaka wa kodi wa 2015, watu wapatao milioni 6.5 waliilipa, wastani wa dola 470, na wengine milioni 12.7 wakaomba msamaha. Waliokaa mbele ya meza yangu hawakuwa matajiri.

Bunge lilipoifuta faini hiyo kuanzia 2019, CBO ilikuwa imekadiria kwamba wasio na bima wataongezeka kwa milioni 13 ifikapo 2027. Masoko hayakuanguka. Waliojiunga walipungua kidogo, kisha baada ya 2021 wakaongezeka sana, kwa sababu ruzuku zilipanuliwa. Hapo ndipo ujifunze kutenganisha: faini, ruzuku na Medicaid ni vitu vitatu. Wasio na bima walishuka kutoka asilimia 13.3 mwaka 2013 hadi 8.8 mwaka 2016, hilo sikatai. Anayesema ni lazima iliyofanya hivyo, mwombe aonyeshe sehemu yake peke yake.

Kuhusu bei, lete barua yako ya bima, si hotuba. Andika ada ya mwezi, kiasi unacholipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, na ruzuku uliyopewa, kila kimoja safu yake. Ruzuku ikiwa kubwa, ada yako imeshuka na gharama haijashuka. Tofauti hiyo anailipa jirani yako kwa kodi yake.

Ripoti ijayo ya BLS ikitoka, pakua nakala siku hiyo hiyo uandike tarehe juu yake. Namba ya kila mwezi hurekebishwa mara mbili katika miezi miwili inayofuata, na toleo la kwanza halitakuwa tena juu ya ukurasa utakapolihitaji.