SOMO: Marathoni ya milima asubuhi ya kipupwe, na kwa nini mteremko ndio utakaokumaliza

Tangu mwezi wa tano uanze nimekuwa nikijibu maswali yaleyale kila usiku. "Dada, nivae nini?" "Dada, kile kilima napandaje?" Najibu mmoja, kesho anakuja mwingine na swali lilelile. Leo naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia hii.

Nakaa Sakina, hapa Arusha. Mwaka huu ni wa tisa nikikimbia. Marathoni kamili nimemaliza sita, moja ilinishinda njiani, na hiyo moja ndiyo iliyonifundisha kuliko zile sita. Nimeieleza kwenye hatua ya 4. Ukiwa na haraka, soma hiyo tu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia hali gani. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai, alfajiri, joto linashuka hadi nyuzi 12 au 13, Meru haionekani kwa ukungu, na manyunyu yanakuja bila kubisha hodi. Ukisimama na bukta saa kumi na mbili asubuhi ukisubiri kuanza, meno yanagongana. Waliozoea Kili Marathon kule Moshi wasidhani ni mbio zilezile. Ile hukimbiwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, unaanza na kaubaridi na unamaliza na jua la utosini. Huku kwetu kipupwe kinaweza kukusindikiza kilomita zote 42.

Hatua ya 1: Chakula. Kula ulichozoea, saa mbili au tatu kabla. Mimi ni uji wa ulezi na ndizi mbivu mbili.

Hatua ya 2: Nguo. Ukiwa umesimama kwenye mstari na unajisikia vizuri, umevaa nguo nyingi. Dakika kumi za mwanzo lazima usikie baridi. Vaa fulana ya kitambaa chepesi kinachokauka haraka, usivae pamba. Pamba ikishakunywa jasho inakung'ang'ania kifuani, na upepo wa mteremko ukikupiga hapo unatetemeka mpaka mwisho. Juu yake weka sweta kuukuu la mitumba, utakalomwachia aliyekusindikiza dakika moja kabla ya kuanza. Mikononi vaa soksi kuukuu. Nimejaribu na glavu, soksi ni bora: unafutia kamasi, unazivua bila kusimama, unazichomeka kiunoni. Mafuta ya mgando kwapani na katikati ya mapaja, na wanaume msisahau chuchu. Kisha jogingi dakika kumi, maana msuli wa baridi haupendi kushtuliwa.

Hatua ya 3: Kupanda. Fupisha hatua, punguza spidi, angalia mita kumi mbele yako. Uweze kusema sentensi nzima bila kuikata. Ukishindwa, tembea mpaka pumzi irudi.

Hatua ya 4: Kushuka. Hapa ndipo nilipoharibu.

Mwaka ule nilijiandaa miezi minne. Kila Jumamosi nilipanda kutoka Mianzini hadi juu Ilboru, mara tatu, mara nne. Nikifika juu nachukua bodaboda inishushe nianze upya, kwa sababu niliamini kushuka ni kupumzika. Siku ya mbio nikapanda vizuri kuliko mwaka wowote. Kilomita ya 24 tukafika juu, barabara ikalala mbele yetu, nikajiachia. Hatua ndefu, kisigino kinapiga lami, nawapita watu walioniacha asubuhi. Miguu ilikuwa imeganda kwa baridi, sikusikia chochote. Kilomita ya 31 tulipofika tambarare, mapaja yakaanza kutetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo. Ya 34 palikuwa na ukingo wa barabara, kimo cha kiganja tu. Nikashusha mguu, goti likakunja lenyewe, nikajikuta nimekaa mtaroni. Pumzi ninayo, moyo mzima, miguu haipo. Mama aliyekuwa akikaanga maandazi pale kando aliacha karai jikoni, akanifunika kanga yake iliyojaa harufu ya moshi na mafuta, akanishika mkono mpaka gari likaja kunichukua. Siku tatu nilishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume.

Ilikuwaje? Ukipanda, msuli wa mbele ya paja unajikunja huku unasukuma. Ukishuka, unanyooshwa kwa nguvu huku unajikaza kukuzuia usianguke, kama mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe anayekimbilia mtoni. Kunyooshwa huko ndiko kunakochana nyuzi ndogondogo za msuli. Nguvu inapungua palepale, lakini maumivu makali yanakuja kesho na keshokutwa, kwa hiyo unaendelea kujiachia ukidhani uko salama. Baridi nayo inakuficha yale machache ambayo ungeyasikia.

Dawa yake ipo. Msuli uliochanika kidogo ukapona, safari nyingine hauumii vile, na kinga hiyo hukaa wiki kadhaa. Kwa hiyo mara moja kwa wiki shuka kwa makusudi. Anza na mteremko wa mita 200 au 300, mara nne, kisha uongeze polepole kwa wiki sita hadi nane. Hatua ziwe fupi na za harakaharaka, mguu ukanyage chini ya kiuno chako, si mbele yake, goti likunje kidogo. Usiegemee nyuma. Kila ukiegemea nyuma unafunga breki, na breki zenyewe ni mapaja.

ANGALIZO: mteremko mzito wa mwisho uwe wiki mbili au tatu kabla ya mbio. WIKI YA MBIO USISHUKE MLIMA KWA KASI. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu kila mwaka kuna anayefanya hivyo.

ANGALIZO la pili: siku yenyewe, mteremko wa kwanza, pale unapojisikia unaweza kupaa, ndio wa kujizuia kuliko yote.

Kata kucha siku mbili kabla, na funga kamba hadi tundu la mwisho kabisa la raba, lile la karibu na kifundo ambalo wengi hatulitumii. Mguu usipoteleza mbele, kucha hazitakuwa nyeusi.

Hatua ya 5: Maji. Baridi inaficha kiu. Mafunda mawili matatu kila kituo, usiruke na usigide.

Hatua ya 6: Ukimaliza. Usikae chini. Fulana kavu na soksi kavu ndani ya dakika tano, kisha mtori wa moto.

---

MASWALI YA WANACHAMA

chalii_wa_kijenge: Dada kwa hiyo tuvae nini?

Dada wa Sakina: Hatua ya 2.

chalii_wa_kijenge: Ni ndefu sana hii. Mimi nina mbio Jumapili hii, nikashuke Ilboru leo na kesho ili nizoee?

Dada wa Sakina: Hapana. Angalizo la kwanza, herufi kubwa. Ukifanya hivyo Jumapili utaanza mbio na mapaja yaliyochanika. Kimbia dakika ishirini za taratibu kwenye tambarare, ulale mapema, na siku ya mbio ushuke kwa hatua fupi.

Baba Neema (Dar): Habari dada, asante kwa somo. Mimi mazoezi yangu yote ni Coco Beach na daraja la Tanzanite. Mlima sina. Nakuja huko mwezi ujao, nijiandaeje?

Dada wa Sakina: Karibu sana Arusha, kaka. Tafuta jengo lenye ngazi, ghorofa tano au zaidi, na ufanye mazoezi ya kushuka, si kupanda peke yake. Jumapili moja moja nenda milima ya Pugu. Jambo la pili, spidi yako ya Dar iache Dar. Huku juu hewa ni nyepesi, pumzi itakata mapema kuliko ulivyozoea, hivyo kilomita kumi za kwanza ziwe taratibu mpaka uone aibu. Na uje na sweta. Watu wa pwani hufika stendi na fulana moja.

Baba Neema (Dar): Nimekusoma. Ofisini kuna ngazi za ghorofa nane, naanza kesho.

Mwana Moshono: Dada, kuna kitu kinanisumbua. Nasikia marathoni ya Boston, kule Marekani, mwisho wake uko chini kuliko mwanzo wake. Sasa kama ni kushuka, mbona inasifiwa kwa ugumu?

Dada wa Sakina: Mdogo wangu, umeuliza swali ambalo ningetaka kila mtu alisome. Ni kweli, inaanzia Hopkinton na kumalizia kama mita 140 chini zaidi. Kilomita za mwanzo ni mteremko, watu wanakwenda kwa raha. Halafu kuanzia kama kilomita ya 26 vinakuja vilima vya Newton, na cha mwisho, karibu na kilomita ya 33, ndicho kinaitwa Heartbreak Hill. Unajua kinapanda kiasi gani? Kama mita 27 tu. Sisi tunapanda zaidi ya hapo kabla jasho halijatoka. Kinatisha kwa sababu unakifikia na mapaja yaliyokwisha kupondwa na mteremko wa asubuhi, sawasawa na mimi na ule ukingo wa barabara.

Na hizo mbio zina damu yetu. Juma Ikangaa alikuwa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na ile ya 1988 alizidiwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Gabriel Geay akawa wa pili 2023. Alphonce Simbu akawa wa pili 2025, na Septemba mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia kule Tokyo. Ukitaka kujua baridi inafanya nini, tafuta habari za Boston ya 2018: mvua kubwa, upepo wa usoni, nyuzi chache tu juu ya sifuri. Mastaa wengi waliacha njiani, na Yuki Kawauchi wa Japani akashinda kwa saa 2:15:58, muda ambao mwaka wa kawaida pale haushindi.

Mwana Moshono: Asante sana dada. Nilikuwa najua ya Simbu tu.

Mkongwe15: Hiyo ya bodaboda ilikuwa uzembe wako. Mimi nakimbia mwaka wa 15, sijawahi kufanya mazoezi ya kushuka na sijawahi kukaa mtaroni.

Dada wa Sakina: Kaka, mazoezi yako unayaanzia wapi na unarudije?

Mkongwe15: Naanzia nyumbani Njiro, napanda mjini mpaka Sekei, narudi kwa miguu.

Dada wa Sakina: Basi umefanya mazoezi ya kushuka miaka 15. Mimi nilikuwa narudi kwa boda, na hicho ndicho nilichoandika.

Mama Eliya: Dada, mimi na wenzangu wawili tunaanza saa kumi na moja alfajiri, kipindi hiki bado ni giza totoro. Mbwa wa huku kwetu wanatufukuza. Mnafanyaje?

Dada wa Sakina: Pole mama. Mbwa akija, simameni, mgeukieni, mtembee taratibu mpaka mpite eneo lake. Ukimkimbia umemwalika. Mimi naokota jiwe, na mara nyingi nikiinama tu anarudi. Muhimu zaidi ni magari: kimbieni upande wa kulia, mkiyatazama yanayokuja, na mvae kikoti cha kung'aa kama cha bodaboda. Tena mkiweza kusogeza mpaka kumi na mbili kasoro mtakuwa salama zaidi.

Mwalimu Mstaafu: Mwanangu, nina miaka 61. Nimejiandikisha nusu marathoni. Magoti yangu yanalalamika nikishuka. Je, nijitoe?

Dada wa Sakina: Shikamoo mwalimu. Usijitoe kabla hujaonana na daktari wa mifupa akayaangalia hayo magoti. Akikuruhusu, panda ukikimbia na ushuke ukitembea. Nina rafiki anafanya hivyo na anamaliza akiwa na tabasamu. Anza leo kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara kumi asubuhi na kumi jioni, na wakati wa kukaa ushuke polepole ukihesabu mpaka nne. Ni msuli uleule wa mteremko. Na kama kuna anayekuambia kutembea ni aibu, mkumbushe Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki, Mexico City 1968, goti limefungwa bandeji, akichechemea kuingia uwanjani giza limeshaingia. Wengi hawamkumbuki aliyeshinda siku ile, yeye tunamkumbuka.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba mwanangu. Mwaka ule nilikuwa mtoto mdogo, baba yangu alinisimulia. Nitamwona daktari wiki hii.

Binti wa Shanty Town: Dada mimi nipo Moshi, mteremko mzuri ni upi? Na raba zangu zikilowa manyunyu hazikauki siku mbili, nazianika juu ya jiko zinanuka.

Dada wa Sakina: Barabara ya Mweka, mdogo wangu. Inapanda mfululizo, na unapogeuka una mteremko mrefu wa kutosha. Anza na kipande kifupi cha chini kwanza. Raba usiweke jikoni, gundi inaachia na soli inabanduka. Toa soli ya ndani, jaza gazeti ndani, badilisha baada ya saa mbili, jaza tena ulale. Asubuhi zimekauka.

Binti wa Shanty Town: Gazeti lolote?

Dada wa Sakina: Lolote, ila lisiwe la karatasi ya kung'aa, haifyonzi maji.