Jinsi ya kuingiza mradi wa kukabili ukame kwenye bajeti ya kaunti (Kenya)

Wakazi wengi hujitokeza Aprili, makadirio ya bajeti yakiwa tayari yanaelekea bunge la kaunti, ndipo wadai silanga au bwawa. Wamechelewa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka Mpango wa Maendeleo wa Mwaka ufike bungeni kufikia Septemba 1, miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha kuanza. Mradi usiokuwemo humo ni vigumu mno kuuingiza baadaye. Anzeni Juni.

Jueni kwanza pesa zilizopo. Kaunti kadhaa zimetunga sheria ya hazina ya tabianchi: Makueni ilitangulia mwaka wa 2015 kwa kutenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo, na Wajir ikafuata kwa asilimia 2. Pigeni hesabu kabla ya kuomba. Bajeti ya maendeleo ikiwa shilingi bilioni 2, asilimia 2 ni milioni 40. Zikigawanywa sawa kwa wadi 30, kila wadi hupata kama milioni 1.3. Ombi la milioni 8 hapo litawekwa kando, hata liwe zuri namna gani.

Kisha itafuteni kamati ya wadi ya mipango ya tabianchi; msimamizi wa wadi anawajua wanachama wake. Wapeni maandishi, kwa sababu maneno ya barazani husahaulika. Ukurasa mmoja au miwili unatosha: kijiji na mahali penyewe, idadi ya kaya, ukame unavyowaathiri, makadirio ya gharama, na nani atatunza mradi. Onyesheni pia kipengele cha mpango wa kaunti wa miaka mitano ambacho mradi unakitekeleza.

Miradi mingi hukwama kwenye ardhi. Kaunti haiwezi kumwaga pesa za umma kwenye shamba la mtu, kwa hiyo mwenye shamba atie sahihi makubaliano ya kulitoa kabla ombi halijawasilishwa. Ahadi ya mdomo huvunjika siku mashine ya kuchimba inapofika, au mzee akifariki na watoto wakakataa.

Mahali penyewe napo pakaguliwe na mtaalamu wa maji. Bwawa la mchanga, kwa mfano, yaani ukuta unaokatiza mto ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji, linahitaji mto wa msimu wenye mwamba usio chini sana na wenye mchanga wa chembe kubwa. Mto ukileta tope laini, bwawa hujaa udongo usiohifadhi maji ya kutosha. Na ukuta usipoingizwa vya kutosha kwenye kingo zote mbili, mafuriko huzunguka pembeni na kuuacha peke yake.

Mpango wa Maendeleo wa Mwaka ukipita, msilale. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka vipaumbele na viwango vya matumizi, hufika bunge la kaunti kufikia Februari 28 na makadirio Aprili 30. Katika kila hatua tafuteni jina la mradi, wadi na kiasi chake. Kundi dogo lenye karatasi mkononi humbana mwakilishi wadi kuliko umati unaopiga kelele. Hatari kubwa zaidi ni bajeti ya nyongeza katikati ya mwaka, ambapo pesa za bwawa zinaweza kuhamishiwa barabara bila tangazo la kutosha.

Mkinyimwa hati, andikeni ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Afisa ana siku 21 za kujibu. Akikataa, mna siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Utawala iupitie uamuzi huo, kwa hiyo hifadhini nakala iliyogongwa muhuri wa siku mlipoiwasilisha.