SOMO: Fimbo zako za kwanza za gofu, nunua zipi na uache zipi

Salaam wadau. Anayeanza gofu huwaza seti kamili ya fimbo 14. Kanuni zimeweka 14 kuwa kikomo. Hazikulazimishi ubebe zote. Wewe zinakutosha sita, na hela inayobaki mpe kocha.

Hatua ya 1: Azima kwanza. Nenda Lugalo, Gymkhana ya Dar au ya Arusha, au klabu yoyote iliyo karibu, uulizie mwalimu. Piga masomo machache kwa aironi (fimbo ya kichwa chembamba cha chuma) namba 7 ya kuazima. Kabla mkono haujazoea, hujui unahitaji nini, na muuzaji anajua hivyo.

Hatua ya 2: Chagua sita. Haibridi moja (ya kupigia mbali, rahisi kuliko aironi ndefu), aironi namba 7 na 9, weji mbili za kupigia karibu (ya kawaida, PW, na ya mchangani, SW), halafu pata, ile ya kuviringishia mpira shimoni. Usiihesabie hela pata: karibu kila shimo utalimaliza kwa hiyo.

Draiva, ile ya kupigia mbali kabisa, isubiri. Ndiyo fimbo ndefu kuliko zote na uso wake umesimama sana, kwa hiyo kosa dogo la mkono linaupeleka mpira vichakani. Ukishindwa kuvumilia, tafuta yenye uso ulioinama digrii 10.5 hadi 12, uachane na zile za 9.

Kwenye aironi, tazama mgongo wa kichwa. Ukiwa na shimo na uzito umesukumwa pembeni, ni yako, maana hata ukikosa katikati mpira unakwenda. Zile nyembamba zenye mgongo mtupu ni nzuri kwa macho, waachie waliokomaa.

Hatua ya 3: Kagua mtumba. Hapa ndipo watu wanapigwa, kwa hiyo soma taratibu.

Itikise fimbo karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza ndani, au kichwa kikalegea ukikizungusha, irudishe. Inua mpini usawa wa jicho, uuchungulie kwa urefu kama fundi anavyokagua mbao: ukiona umepinda au umebonyea, hautengenezeki. Mpini wa grafaiti wenye ufa, hata mwembamba kama unywele, usiuguse, utakatika siku moja ukiwa unapiga. Kwa mipini ya chuma, sisi wa Dar, Tanga na Mombasa tuna adui wa ziada, hewa ya chumvi. Kutu ya juujuu inafutika. Iliyochimba vishimo haiponi.

Pitisha kucha kwenye mifereji ya uso. Ikiteleza bila kukwama, mifereji imekwisha. Kisha zisimamishe aironi ukutani kwa mpangilio wa namba: kila moja inapungua kama nusu inchi kutoka iliyotangulia. Ukikuta namba 7 na 9 zina urefu mmoja, huenda mojawapo imekatwa.

Gripu (mpira wa kushikia) inayong'aa na kuteleza isikutishe, hubadilishwa. Itumie kushushia bei.

Hatua ya 4: Ugumu wa mpini. Soma herufi: R ni ya kawaida, S ni ngumu. Wanaume wengi wanaoanza wanafaa R. Kununua S ili uonekane una nguvu ni kujitesa bure.

Hatua ya 5: Vidogovidogo. Glovu moja, ya mkono wa kushoto kama unapiga kulia, iwe ya kubana. Tii za mbao, vijiti vya kuwekea mpira. Viatu vyenye meno laini. Shati la kola, kwani klabu nyingi hazitaki fulana wala jinzi.

MASWALI YA WADAU

*Mkuu, nianze na mipira gani?*
Ya bei nafuu, ya tabaka mbili. Hata iliyookotwa sawa, mradi haina mkato. Utaipoteza mingi.

*Shikamoo mzee. Mimi natumia kushoto na fimbo za kushoto hazipatikani mitumbani. Ninunue za kulia?*
Marahaba mwanangu. Jaribu pande zote mbili kwanza. Phil Mickelson, mchezaji maarufu wa gofu wa Marekani, hutumia mkono wa kulia kwa mambo mengine, lakini gofu anapiga kushoto, maana utotoni alimwiga baba yake akiwa amemkabili. Kama kulia kunakukubali, soko litakuwa rahisi. Kukikataa, subiri za kushoto.

*Naweza kumkatia mwanangu wa miaka 8 fimbo zangu za zamani?*
Hapana, dada. Ukikata unapunguza urefu tu; kichwa kinabaki kizito na mpini unazidi kuwa mgumu. Mtafutie za watoto, tatu tu zinamtosha.

*Mke wangu ni mrefu kunizidi, anunue seti ya kike?*
Mpime, kaka. Asimame wima na viatu vyake, upime kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi chini, kisha mpelekee mwalimu kipimo hicho. Huenda za kiume zenye mpini laini zikamfaa zaidi.

*Begi la kubeba au la magurudumu?*
La kubeba, lenye miguu miwili. Fimbo sita hazina uzito. Ukimchukua kedi (mbeba begi), mkubaliane ujira kabla hamjaondoka mahali pa kuanzia shimo la kwanza.