Gari linamisi kilimani: usikimbilie kulaumu taimingi

Toyota Corolla au Carina yenye injini ya 4A-FE au 5A-FE ikianza kumisi, yaani kurukaruka mipigo, kwenye mpando wa Newala, neno la kwanza kijiweni huwa "taimingi imeruka", yaani cheche na vali haziendi tena kwa wakati wake. Mara nyingi siyo. Mkanda wa taimingi ni mmoja na distribiuta, inayogawa umeme kwa plagi, ni moja, hivyo taimingi ikikosewa silinda zote nne zinaumia pamoja. Injini inayodunda kwa mpigo uleule, tatu zinapiga na moja imelala, ugonjwa wake uko kwenye hiyo moja. Anza kwa kujua ni moja au ni zote.

Acha injini ipate moto, iungurume bila kukanyagwa mafuta. Chomoa soketi ya umeme ya nozeli moja (kinyunyizio cha mafuta cha silinda), sikiliza, rudisha, nenda ya pili. Ukiikata silinda isiyo na ugonjwa, injini inashuka na kutetemeka zaidi. Ukichomoa na usisikie tofauti, umeipata iliyolala. Wapo wanaochomoa waya za plagi kwa mkono injini ikiwa inawaka. Utapigwa shoti, na umeme ukikosa njia unaweza kuunguza koili.

Ikiwa ni moja, fungua plagi yake upime mwanya: milimita 0.8. Waya wa plagi usizidi kilo-omu 25. Kisha fungua kofia ya distribiuta na uiangalie ndani kwa tochi. Kwa magari yanayolala karibu na bahari, Mikindani au Lindi mjini, chumvi hujenga unga mweupe au wa kijani kwenye vile vyuma vinne. Unga ukiwa mwepesi, kwangua. Ncha zikiwa zimelika, au ukiona mstari mwembamba mweusi kama ufa wa unywele, nunua kofia mpya, kwa sababu umeme umeshapata njia ya mkato. Na kama gari limeanza kumisi mara tu baada ya kuguswa na fundi, kagua mpangilio wa waya, yaani zamu ya silinda kuwaka: 1-3-4-2. Waya mbili zikibadilishana, gari linalipua kwenye eakilina (chujio la hewa), na mtu anaanza kufungua mkanda bure.

Ikiwa ni zote, sasa taimingi iitwe. Ikichelewa, gari halina nguvu, linapata joto na kulipua kwenye ekzosti. Ikitangulia, injini inagonga ukikanyaga mafuta kwenye mzigo, na wakati mwingine starta inakwama kama inarudishwa nyuma.

Pima kwa taa ya taimingi, inayomweka kila cheche inapopiga. Injini iwe na moto, eyakondisheni na taa vizimwe. Kwenye kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS ndani ya boneti, unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na bila hiyo kompyuta inaendelea kusogeza cheche yenyewe, unarekebisha kitu kisichotulia. Bana kishikio cha taa kwenye waya wa silinda namba 1, mulika puli ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni): alama isome nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Kama siyo, legeza bolti za distribiuta kwa spana namba 12, zungusha kidogo kidogo, kaza, mulika tena. Mwisho toa kile kipande cha waya.

Distribiuta ikifika mwisho wa nafasi yake na 10 haijapatikana, mkanda umeruka jino. Lakini kuna mtego hapa. Distribiuta inaendeshwa na kamshafti, shafti inayofungua vali, kwa hiyo mtu anaweza kuizungusha hadi taa isome 10 huku vali bado zinafunguka nje ya wakati. Cheche ni sahihi, gari linawaka, ila kilimani linakufa. Ukikuta distribiuta imesukumwa upande mmoja karibu na mwisho, usiiamini taa.

Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kwa geji yake: plagi zote nje, soketi ya distribiuta imechomolewa, mafuta yamekanyagwa mpaka chini. Injini nzuri inasoma kama psi 190. Chini ya 142 ni mbovu, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Zote nne zikiwa chini kwa kulingana, tia kijiko cha oili kwenye kila silinda upime tena. Zikipanda, ni ringi. Zisipopanda, fungua kava la vali na la mkanda.

Zungusha krenki kwa mwendo wa saa tu mpaka alama ya puli ikae kwenye 0. Kitundu cha puli ya kamshafti kitazamane na alama ya kifuniko cha bearingi. Kikiwa chini kabisa, zungusha krenki duara moja zaidi; kamshafti huenda nusu ya mwendo wa krenki. Kikipishana, usirudishe jino na kufunga tu. Tafuta sababu: oili inayovuja kwenye sili ya kamshafti na kulowesha mkanda, au tenshena iliyolegea. Ukishafunga, zungusha injini kwa mkono duara mbili kamili, alama zirudi palepale, ndipo uwashe.

Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE haina distribiuta wala mkanda wa taimingi, ina cheni. Msimbo wa P0301 (silinda ya 1 inamisi) ukitokea kwenye mashine ya kusoma kompyuta, hamisha koili ya 1 iende 3. Msimbo ukihamia P0303, koili ndiyo mbovu. Ukiona P0016 (krenki na kamshafti haziendi sawa) pamoja na mlio wa kukwaruza asubuhi injini ikiwa baridi, pima oili kwanza, halafu cheni.