Kabati la kuunga mwenyewe limekuja na vyuma pungufu? Subiri kwanza na huo msumari

Wakuu, kabati langu la nguo limekaa siku 9 chumbani likiwa mbao mbao tu zimeegemezwa ukutani, nguo zote ziko kwenye mabegi. Liliagizwa Dar likaja kwa basi nikalipokea stendi ya Kange hapa Tanga, boksi kona moja imepasuka na kile kimfuko cha vyuma kimetoboka. Nafika nyumbani namwaga, nahesabu, zimepungua kamloku 4 (vile vidude vya duara vinavyobana mbao mbili pamoja), bolti zake 3 na vijiti vya mbao 6. Muuzaji nampigia ananiambia "tunakutumia bro", mpaka leo. Fundi wa kwanza mtaani akaja na dawa moja, "tunapiga misumari ya inchi 3 tunamaliza", nikamwambia asante babu, ngoja kwanza.

Msumari kwenye chipbodi haufai hata kidogo. Chipbodi ni vumbi na vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, haina nyuzi za kuubana msumari kama mninga, sa ukigonga kwenye ubavu wa ubao wa milimita 16 unavimba na kufumuka kama biskuti iliyoingia chai. Na ubavu ukishafumuka hata ukipata kifaa orijino hakishiki tena.

Anza kwa kuhesabu kabla hujaunga chochote. Mwaga kila kitu kwenye sinia, tenga kwa aina, linganisha na ile karatasi ya michoro. Angalia na ndani ya matundu ya mbao zenyewe maana kuna viwanda vinatangulia kufunga bolti, na pekua maboya yote ya boksi, mimi kijiti kimoja nilikikuta huko. Kama fanicha ni ya IKEA, watu wanakuja nazo kutoka Ulaya, vyuma kwenye karatasi vina namba, mara nyingi ya tarakimu 6, ukiwa na hiyo namba na una ndugu huko mwambie akuulizie dukani, mambo yanakuwa mepesi.

Ukishajua pengo lako, usikimbilie duka. Kopa kwanza hapo hapo kwenye kabati. Kuna viungo vinabeba mzigo, yaani ubao wa juu, wa chini na ule wa katikati unaoshika mbavu mbili, hivyo ndo vipewe vyuma orijino bila mjadala. Alafu kuna viungo vya urembo, mfano kile kibao cha mbele chini kinachoziba miguu. Mimi kibao hicho nilikipokonya kamloku 2 na bolti 2, nikakishika kwa vikona vya chuma vya umbo la L na skrubu za nusu inchi. Nusu inchi, usizidishe, ubao ni milimita 16, ukiweka ya inchi moja inatokea upande wa pili na unaanza kulia upya. Kwa iyo nikabaki na deni la kamloku 2 na bolti 1 tu.

Sa kamloku ni kile kidude cha duara chenye alama ya nyota na kimshale, kinaingia kwenye tundu kubwa, kinameza kichwa cha bolti, ukikizungusha kama nusu duara kinaivuta. Zinafanana kwa macho ila hazifanani! Pima upana wa tundu, mara nyingi ni milimita 15, zipo na za 12. Pima unene wa ubao, kwa sababu kamloku ya ubao wa 18 ukiiweka kwenye wa 16 kinywa chake hakikutani na bolti. Na kipimo ambacho karibu kila mtu anakisahau ni kutoka ukingo wa ubao mpaka katikati ya lile tundu kubwa, mara nyingi ni milimita 24 au 34, hicho ndo kinaamua urefu wa bolti. Mimi sikukijua. Nilienda Makorora, nje kwa seremala mmoja kuna meza ya kompyuta imekufa kitambo, shikamoo mbili tatu akaniachia kamloku 4 na bolti zake kwa hela ya soda. Nimerudi mbio kama nimeokota dhahabu, kamloku zimekaa safi, bolti fupi! Meza ilikuwa ya 24, kabati langu la 34, kamloku inazunguka hewani haimezi kitu.

Ndo maana nasema beba sampuli, usiende dukani kuchora hewani kwa vidole. Chukua moja iliyobaki, na kama hata moja huna pima tundu kwa kuchomeka shina la biti za drili, ile inayoingia bila kucheza ndo saizi yako, sio lazima uwe na kifaa cha maana.

Kile kiungo kilichokosa bolti hakikuhitaji kamloku tena, nilikipiga konfimati. Hizi ni skrubu nene za chipbodi, saizi inayopatikana sana ni milimita 7 kwa 50, waulize mafundi wa makabati ya jikoni wanazo kwa pakti. Usiipige kwenye tundu la zamani, sogea sentimita 4 hivi pembeni. Ubao wa ubavuni unatobolewa kwa biti ya 7 mpaka utokee, ule unaopokea unatobolewa kwenye ukingo kwa biti ya 5, katikati kabisa, drili imesimama wima, mtu akushikie asicheze. Alafu kaza kwa mkono, nyingine zinataka alenki (ule ufunguo wa pembe sita uliopinda) ya 4 nyingine bisibisi ya nyota, ukikaza kwa mashine inakata chipbodi unabaki na tundu la unga. Kichwa kitaonekana kwa nje, mimi upande huo umeangalia ukuta kwa iyo shauri yake.

Vijiti vya mbao watu wanavidharau, wakati ndo vinazuia ubao usishuke, kamloku kazi yake ni kuvuta tu. Vingi ni unene wa milimita 8 urefu 30. Usichomeke penseli, ni nyembamba, itacheza. Huku kwetu mtiki haujawahi kuwa shida, shamba la mitiki la Longuza lipo hapo Muheza, na maseremala wanatupa vipande kila siku, basi omba kimoja kilichokauka chenye nyuzi zilizonyooka, kipasue vijiti, kichonge kidogo, alafu kipitishe kwa nyundo kwenye kipande cha chuma chenye tundu la 8, kinatoka duara. Kata, chora kimfereji pembeni ili hewa na gundi vipate pa kutokea. Gundi nyeupe ya mbao weka upande mmoja tu, kama we ni mpangaji utanishukuru siku ya kuhama.

Waliokosa bolti za kitanda, zile ndefu zinazoingia kwenye nati ya duara kama kipipa, nyingi ni M6, yaani unene wa milimita 6. Muoneni fundi baiskeli, na Tanga baiskeli zimejaa, anazo alenki na nati za kujaribishia. Ila jihadhari na bolti ya robo inchi, unene wake ni milimita 6.35 na meno yake ni tofauti, itaingia mizunguko miwili itakudanganya, ukilazimisha unaua nati. Ya kweli inaingia kwa vidole mpaka mwisho.

Pini za kushikia shelfu mara nyingi ni za unene wa milimita 5, kata bolti ya M5 sentimita 2, nusu ndani nusu nje, basi. Tundu lililolegea jaza njiti za kiberiti na gundi, acha mpaka kesho, toboa upya. Na nunua vyuma vilivyopakwa zinki, vile vyeusi kwa hii hewa ya bahari masika moja tu vimeota kutu na kuchafua mashati.

Ile hadibodi ya mgongoni usiiache hata kama misumari yake imepotea, misumari ya robo tatu inchi ipo kila duka, na hapa msumari unaruhusiwa. Kabla ya kugonga pima kona kwa kona zote mbili, zikilingana kabati limenyooka, zisipolingana lisukume mpaka zilingane. Ukishalisimamisha lifunge ukutani kwa kikona, skrubu na ile plagi ya plastiki ya kushikia skrubu, wenye watoto wanaopanda droo wananielewa.

Kamloku 3 zilizobaki nimezitia kwenye kimfuko pamoja na alenki na karatasi ya michoro, nimezibandika kwa seloteipu nyuma ya kabati.