Vanishi na woshi kwenye ndege ndogo za plastiki: namna ya kuepuka weupe wa msimu wa mvua

Mwezi Aprili mpwa wangu aliniletea modeli yake ya ndege ya kivita ya MiG-17, ya kipimo cha 1/72, yenye urefu wa sentimita 15 hivi, ikiwa imeviringishwa kwenye gazeti. Aliichagua kwa sababu ndege za aina hiyo zilikuwa miongoni mwa zile zilizoharibiwa pale Entebbe makomando wa Israeli walipovamia uwanja wa ndege usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976. Rangi ya kijivu ilikuwa imekaa vizuri, lakini bawa la kushoto lilikuwa jeupe kana kwamba limenyunyiziwa unga wa muhogo. "Mjomba, nimekosea wapi?" aliniuliza. Nilimjibu kwamba kosa halikuwa la mkono wake, bali la siku aliyoichagua. Tuliipitia kazi yote kwa mpangilio ufuatao.

Hatua ya 1: Vanishi ya kung'aa
Rangi ikishakauka siku nzima, puliza vanishi ya kung'aa kwa matabaka mepesi. Mimi hutumia X-22 ya Tamiya, ambayo ni ya akriliki, kwa eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa), wala sioni sababu ya kuipaka kwa brashi ya mkono, ambayo huacha mistari. Uso ukiwa na mikwaruzo midogo ya rangi isiyong'aa, stika hunasa hewa chini yake na woshi (rangi nyepesi sana ya kutia kivuli) huchafua kila mahali badala ya kufuata mistari iliyochongwa kwenye mwili wa ndege.

Hatua ya 2: Stika za maji
Hizi ni stika zinazolowekwa ili ziachie karatasi yake. Bandika, ziache zikauke, futa mabaki ya gundi kwa kitambaa chenye maji, kisha zifunike kwa tabaka jingine la vanishi ya kung'aa.

Hatua ya 3: Woshi
Kanuni ni moja: kiyeyusho cha woshi kisiwe kile kinachoweza kuyeyusha vanishi iliyo chini yake. Juu ya vanishi ya akriliki, rangi ya mafuta ya wachoraji iliyozimuliwa kwa white spirit (kizimulio cha rangi za mafuta) ya duka la vifaa vya ujenzi ni salama. Juu ya vanishi ya enameli, white spirit hiyohiyo italainisha uso, kwa hiyo tumia woshi wa maji. Tina ya magari (kizimulio kikali cha rangi za laka) usiikaribie kabisa katika hatua hii.

Changanya rangi ya kahawia iliyokolea na nyeusi kidogo, hadi mchanganyiko uwe mwepesi kama chai ya rangi. Nyeusi tupu huifanya ndege ya kijivu ionekane kama mchoro wa kalamu, binafsi siipendi. Gusa mstari kwa ncha ya brashi na uache woshi ukimbie wenyewe. Usiujaze hadi ufanye dimbwi, kwa kuwa white spirit ikipenya kwenye plastiki isiyofunikwa, hasa penye maungio yaliyokazwa, inaweza kuipasua. Na chupa hiyo isiwe chumba kimoja na sigiri yenye moto.

Hatua ya 4: Kufuta
Baada ya nusu saa, futa ziada kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa kidogo tu, kutoka puani kuelekea mkiani, kama hewa inavyopita. Kisha subiri siku mbili.

Hatua ya 5: Vanishi isiyong'aa
Hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kupoteza wiki nzima, na ndipo mpwa wangu alipokwama. Vanishi ya kopo, hasa ile ya laka inayouzwa kwa ajili ya magari, hukauka upesi sana, na kiyeyusho kinapovukiza hupoza uso wa ndege. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ilivyo Kampala mvua inapotoka kunyesha, matone madogo ya maji hujishika kwenye vanishi ambayo bado ni mbichi, na huo ndio weupe unaouona. Kwa hiyo mimi husubiri mchana wenye jua, hutazama haigromita (kifaa cha kupima unyevu wa hewa), na unyevu ukizidi asilimia 70 naahirisha kazi. Kopo nalitia kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache (kamwe si juu ya jiko), nalitikisa dakika mbili kamili, kisha napuliza kwa umbali wa sentimita 20 hivi, nikianzia na kuishia nje ya bawa. Wenye kompresa wamwage kwanza maji yaliyokusanyika kwenye kichujio chake.

Weupe wa pili hutokana na kemikali ya kuondoa mng'ao ambayo haikukorogeka vizuri. Huu huwa na chembechembe, na hujikusanya kwenye pembe na maungio. Dawa yake ni kupuliza vanishi ya kung'aa juu yake, iache ikauke, halafu urudie isiyong'aa iliyotikiswa ipasavyo. Kwa weupe wa unyevu katika laka, nilisubiri siku kavu, nikapuliza kwa eabrashi ukungu mwepesi sana wa tina inayokauka polepole, tabaka likalainika na kuachia maji. Bawa lilirudi kijivu baada ya mipulizo mitatu. Ukizidisha unyevunyevu wa tina, stika zitakunjamana, kwa hiyo jaribu kwanza chini ya bawa.

Mkanda wa kuziba kioo cha rubani uondolewe baada ya vanishi hii ya mwisho kukauka, si kabla.