Kuzalisha ng'ombe na kondoo wa mbegu kwenye joto la Dar

Simu ninazopokea nyingi ni za watu wanaotaka Friesian halisi, ng'ombe wa maziwa wa kigeni. Mtu kastaafu au anakaribia kustaafu, ana kiwanja huku kwetu Chanika au ng'ambo ya Kigamboni, banda ameshalipiga bati, kilichobaki ni ng'ombe. Namuuliza: huyo halisi wako, mama yake alikuwa anatoa lita ngapi, na baba yake ni nani? Hapo maneno yanapungua. Rangi nyeusi na nyeupe hata chotara aliyechanganywa mara tano anaweza kuwa nayo. Ng'ombe wa mbegu unamjua kwa karatasi ya ukoo wake. Kama karatasi haipo, unaianzisha wewe, na inachukua vizazi kadhaa.

Kabla ya karatasi, tuzungumzie jua. Friesian anaanza kuelemewa joto likipita nyuzi 25 hivi, na unyevu wa pwani unamwongezea mzigo. Februari hapa mchana unagonga 32. Shamba la serikali la Kitulo, kule Makete, linazalisha mitamba (majike ambayo bado hayajazaa) mizuri ya Friesian, lakini kule watu wanashinda na makoti. Mtamba wa huko ukimshusha Dar, chakula anachokula kinaishia kwenye kuhema. Maziwa yanashuka, joto la kupandwa, yaani siku jike anapotaka dume, halionekani vizuri, na mimba changa zinaharibika bila wewe kujua. Kwa hiyo mimi sifukuzii damu asilimia 100. Nabaki kati ya asilimia 50 na 75 ya damu ya kigeni, iliyobaki iwe Boran, Sahiwal au Mpwapwa, kosaafu (aina ya ng'ombe) iliyotengenezwa Mpwapwa, Dodoma, kwa kuchanganya zebu, ng'ombe wa nundu, wa hapa na Sahiwal, Red Sindhi na wengineo. Ukitaka damu ya kigeni iwe juu zaidi ya hapo, chukua Jersey: mwili mdogo, anavumilia joto kuliko Friesian, na maziwa yake yana mafuta mengi.

Hesabu ya damu ni rahisi. Jike Boran ukimpandisha Friesian, ndama ana asilimia 50. Huyo akipandishwa tena Friesian, mtoto ana 75, anayefuata 87.5. Ukifika 75, ukitaka kubaki hapo mpandishe dume chotara mwenye rekodi, naye awe wa 75. Wengi wanaendelea kupanda tu kwa sababu mhamilishaji, fundi wa kupandisha kwa mbegu za dume bila dume mwenyewe, alikuja na mbegu ya Friesian na hakuna aliyemuuliza.

Kununua: usinunue jike la kuzalisha mnadani. Mnada wa Pugu ni wa ng'ombe wanaoelekea machinjioni, na jike zuri likiuzwa pale mara nyingi kuna sababu. Huenda halishiki mimba, au lilizaliwa pacha na dume. Mtamba aliyezaliwa pacha na dume zaidi ya tisa kati ya kumi huwa tasa, hata awe na umbo la kuvutia namna gani. Nunua shambani, umwone mama yake akikamuliwa jioni na umkute tena asubuhi. Kabla hujalipa, toa damu ipimwe ugonjwa wa kutupa mimba. Maabara ya mifugo ya serikali, TVLA, iko Temeke, si safari. Na chanjo ya ndigana kali iulizie, kwa sababu kupe wa huku hawana huruma na mgeni.

Sasa daftari. Mimi natumia kaunta buku ya kawaida, kila jike ukurasa wake: namba ya hereni, jina, tarehe ya kuzaliwa, mama, baba, bibi na babu pande zote mbili. Chini yake tarehe za joto, tarehe za kupandishwa, kuzaa, uzito wa ndama, na maziwa ya siku moja kila mwezi, asubuhi na jioni. Mhamilishaji akimaliza kazi, naomba mrija mtupu. Mrija ule mwembamba umeandikwa ubavuni namba na jina la dume, kosaafu yake, na mahali mbegu ilipotengenezwa. Mbegu nyingi za hapa zinatoka NAIC, kituo cha taifa cha uhamilishaji, Usa River, Arusha. Naukausha, naubandika kwa selotepu kwenye ukurasa wa jike husika. Kijana wa bandani akisahau kuandika, mrija haujasahau.

Faida yake inaonekana mwaka wa tatu. Kwenye mitaa yetu kuna dume mmoja anayezungushwa kwa kukodishwa, anapanda jike, baadaye anampanda bintiye. Ndama wa baba na binti anabeba undugu (kipimo cha damu ileile kujirudia pande zote mbili) wa asilimia 25. Wa ndugu wa baba mmoja, 12.5. Huoni kilema papo hapo. Unachoona ni ndama wadogo, wanaokufa kwa vitu vidogo, na majike yanayorudia joto bila kushika mimba. Kabla ya kila upandishaji fungua kurasa mbili, ya jike na ya dume unayempendekeza, uangalie babu na bibi. Jina likijirudia, badilisha dume.

Kuhusu kuchagua dume, usidanganywe na picha ya kifua kipana. Uliza mabinti zake: wanakamuliwa kiasi gani, viwele vimeshikana vizuri au vinaning'inia, miguu ikoje. Kwa mtamba anayezaa mara ya kwanza, taka dume wa ndama wadogo, kwani kuzaa kwa kuvutwa kamba si jambo la kumwombea mtu. Mtamba mwenyewe umpime kwa futi ya kifuani: asipandishwe kabla hajafika kama asilimia 60 ya uzito atakaokuwa nao akikomaa. Mbegu zilizochaguliwa jinsia, za kutoa majike, zipo ila ni ghali na hushika kidogo kuliko za kawaida. Ziweke kwa mitamba wenye afya, si kwa jike mzee anayerudia.

Kinachowashinda wengi ni kuona joto lenyewe. Jike hurudi kwenye joto kila siku 21, kati ya 18 na 24, na muda wa kusimama akapandwa ni nusu siku, mara nyingine pungufu. Kwenye joto la Dar, mengi hutokea usiku. Ukienda bandani saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni tu, utakosa. Nenda saa kumi na moja alfajiri na tena saa nne usiku, na tochi, ukae kimya. Utaona ute angavu usio na rangi unaning'inia kama uzi, mkia umenyanyuliwa, manyoya ya kiunoni yamevurugika. Dalili ya uhakika ni moja: akipandwa na mwenzake, anasimama hakimbii. Ukimwona asubuhi, apandishwe jioni. Ukimwona jioni, apandishwe kesho asubuhi. Mpigie mhamilishaji mara moja, foleni ya Gongo la Mboto haijui habari za yai. Akifika, angalia anavyoyeyusha mbegu: maji ya nyuzi 35 hadi 37, nusu dakika au zaidi kidogo. Anayeyeyusha kwapani, mrudishe na mtungi wake wa mbegu.

Mimi hupenda mimba zishike Juni hadi Agosti, wakati wa upepo wa kusi, hali ya hewa ikiwa na nafuu. Wakishika Juni wanazaa Machi, majani ya tembo yanachipua na masika. Tope la masika nalo lina shida zake, ndama anahitaji mahali pakavu palipoinuka, lakini shida hiyo inatatulika kwa mbao.

Kondoo ni wepesi zaidi. Aina ya Dorper ilitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya kondoo wa Dorset Horn na Blackhead Persian, na kwa kuwa damu ya Persian ni ya nchi kavu, huvumilia jua. Unyevu na minyoo ya masika ndivyo vinavyowaangusha, hivyo banda la mbao lililoinuka ni lazima. Dume mmoja anatosha majike 25 hadi 40. Hutahitaji kukesha: changanya rangi ya unga na mafuta ya kula, mpake dume kifuani. Jike aliyepandwa atakuwa na alama kiunoni, andika tarehe. Baada ya siku 17 badilisha rangi, anza na ya kung'aa umalizie na nzito. Mwenye rangi mbili amerudia. Jike wengi wakiwa na rangi mbili, tatizo ni la dume. Mimba ni miezi mitano kasoro siku chache.

Jambo moja la kondoo msilichezee: jiwe la madini la ng'ombe. Lina shaba, na shaba ambayo ng'ombe anaihitaji kondoo inamwua taratibu, inajikusanya kwenye ini hadi siku anaanguka. Nunua la kondoo, uliweke upande wao, ukuta katikati.

Dume la kondoo libadilishe kabla mabinti zake hawajafika umri wa kupandwa. Nasi wafugaji wachache wa huku tunabadilishana, kila dume akitoka na nakala ya ukurasa wake.